Leza ya retina: kazi ya daktari ni nzuri, maelekezo ya kupona ndiyo yanayopwaya

Huduma tunayoipima hapa ni ya kupigwa leza ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila kulazwa. Mgonjwa anaingia kliniki kwa miguu yake, anakaa mbele ya mashine, na baada ya saa chache anaruhusiwa kwenda. Tumeipima tangu tone la kwanza la dawa hadi jicho linapotulia, muda ambao kwa mmoja ni siku mbili na kwa mwingine ni miezi mitatu. Hukumu tunaitoa mapema: leza yenyewe inastahili sifa. Kinachopwaya ni maelekezo ya kurudi nayo nyumbani, na upungufu huo unaumiza, kwa sababu huwatia watu hofu pasipo na hatari na kuwatuliza mahali penye hatari ya kweli. Kliniki nyingi zina karatasi moja tu: pumzika, usibebe mizigo, usiingize maji jichoni, rudi tarehe fulani. Karatasi hiyohiyo wanapewa watu watatu ambao macho yao yamefanyiwa kazi tatu zisizofanana.

Kwa hiyo kabla hujatoka chumbani uliza maswali manne na uombe majibu yaandikwe. Leza hii ni ya aina gani? Imepigwa jicho gani? Mapigo mangapi? Imekamilika au bado kuna awamu nyingine? Kliniki inayoyajibu bila kuchukia, sisi tunaihesabu kuwa nzuri hata kama viti vyake vya kusubiria vimechakaa. Majibu hayo ndiyo yatakayomsaidia daktari mwingine ukipata shida ukiwa safarini.

Kazi tatu, kupona kwa aina tatu

Aina ya kwanza ni leza ya kuzingira mchaniko. Retina ikichanika, majimaji ya ndani ya jicho hupenya chini yake na kuibandua. Daktari hupiga leza kuuzunguka mchaniko, kwa kawaida safu tatu, ili kovu litakalojijenga liishikize retina kwenye ukuta wa jicho, kama mshono unaozungushwa tundu la nguo ili lisiendelee kutatuka. Kovu hilo halina nguvu siku ileile. Huanza kushika ndani ya saa 24 hivi na hukomaa kwa muda wa siku 10 hadi 14, wakati mwingine zaidi kidogo.

Ya pili ni leza ya pembezoni. Hupigwa hasa kwa wenye kisukari, na kwa baadhi ya walioziba mshipa wa damu wa retina, pale ambapo retina iliyokosa oksijeni imeanza kuotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu, huvuja damu na kuvuta retina. Daktari huunguza kwa makusudi sehemu ya retina ya pembeni ili mahitaji ya oksijeni yapungue na mishipa hiyo inyauke. Kwa mtindo wa kawaida ni mapigo kama 1,200 hadi 1,600 kwa jicho, mara nyingi katika awamu mbili au zaidi. Mashine mpya zinazopiga mapigo mafupi kwa mpangilio mmoja huhitaji mapigo mengi zaidi ya hayo, basi usishtuke ukisikia idadi kubwa.

Ya tatu ni leza ya makula, yaani eneo la katikati ya retina tunalotumia kusoma na kutambua sura. Mapigo ni machache na mepesi, yanalenga vijimshipa vinavyovuja na kusababisha uvimbe. Siku hizi uvimbe unaogusa kitovu chenyewe cha makula hutibiwa zaidi kwa sindano za ndani ya jicho, lakini leza hii bado ina nafasi yake.

Kitu kimoja kinaziunganisha zote tatu, nacho kisemwe kabla ya mgonjwa kusaini: leza hii hulinda uwezo wa kuona uliopo, si miwani mipya wala operesheni ya mtoto wa jicho. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba leza ya pembezoni hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza kuona kwa kiwango kikubwa kwa wenye mishipa mipya ya kisukari. Ule wa 1985 ulionyesha kwamba leza ya makula hupunguza kwa takriban nusu hatari ya kuona kuzidi kushuka. Ni matokeo makubwa, ila ni ya kuzuia hasara. Mgonjwa anayetarajia kuona vizuri zaidi kesho yake atasema ameharibiwa jicho, na lawama hapo ni ya aliyemwandaa.

Kwenye kiti

Dawa ya kupanua mboni huchukua dakika 20 hadi 30, na macho yenye rangi nyeusi sana huchelewa zaidi, kwa hiyo kurudiwa matone mara mbili au tatu ni jambo la kawaida. Kisha huja matone ya ganzi. Kidevu kinawekwa kwenye kishikizo, paji la uso linagusa mkanda, na daktari anaweka juu ya jicho lenzi ya kioo iliyopakwa jeli nzito. Lenzi hiyo huzuia kope zisifumbe na humwezesha daktari kuona hadi pembezoni mwa retina. Unachokiona wewe ni mwanga mkali wa kijani unaomulika na kukatika, mara mojamoja au kwa mafungu ya haraka. Kwa kawaida kazi huchukua dakika 10 hadi 20. Mchaniko ulio mbele sana huweza kupigwa mgonjwa akiwa amelala chali, daktari akiwa amevaa kifaa cha leza kichwani.

Leza ya makula haiumi sana. Ya pembezoni na ya mchaniko inaweza kuuma kweli, hasa upande wa kulia na wa kushoto wa jicho, kwani hapo ndipo neva ndefu za jicho zinapopita. Ganzi ya matone hulala juu ya konea tu, yaani kioo cha mbele cha jicho, na haifiki kwenye neva hizo. Daktari mzuri ana njia kadhaa za kupunguza maumivu: hufupisha muda wa pigo, hushusha nguvu ya mwale, huhama eneo na kulirudia baadaye, hugawa kazi katika siku mbili, au huchoma sindano ya ganzi kando ya jicho. Kunywa parasetamoli saa moja hivi kabla pia husaidia. Kliniki inayojibu maumivu kwa neno "vumilia" tunaikata alama bila huruma. Sababu ni ya kitaalamu kabisa: mtu anayeumia hushtuka, jicho husogea, na pigo lililokusudiwa pembeni linaweza kuangukia makula. Kovu la hapo halifutiki. Ukiumia, sema, usijivute ghafla kutoka kwenye mashine. Kubaliana na daktari mapema kwamba utainua mkono ili asimamishe.

Saa 24 za kwanza

Mara tu baada ya leza, jicho huona giza au rangi ya waridi au zambarau. Ni retina iliyomulikwa mno, na hali hiyo huisha yenyewe, mara nyingi kabla hujatoka kliniki. Ukungu unaobaki una vyanzo vitatu: jeli ya lenzi, ambayo huoshwa na machozi ndani ya muda mfupi, mboni iliyopanuka, ambayo hurudi baada ya saa 4 hadi 6 na kwa wengine kesho yake, na retina yenyewe, ambayo huweza kuchukua siku au wiki. Ukijua ukungu wako unatoka wapi, wasiwasi hupungua sana.

Usiendeshe chombo chochote siku hiyo, hata kama jicho la pili ni zima. Nenda na mtu wa kukurudisha, na uwe na miwani ya jua kwa sababu mboni iliyo wazi haiwezi kujikinga na mwanga.

Ganzi hukaa kama dakika 20 hadi 30. Katika muda huo usisugue jicho, maana unaweza kujikwaruza konea bila kusikia chochote. Mchubuko wa konea kutokana na lenzi ya daktari ndio usumbufu mdogo tunaousikia mara nyingi, na ndio ambao karatasi nyingi hazitaji: ganzi inapoisha jicho linawasha, linatiririka machozi, unahisi kuna mchanga ndani. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili kwa matone ya kulainisha. Ukiona maumivu yanapanda badala ya kushuka, au jicho linatoa usaha, rudi siku hiyohiyo. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho na vipodozi vya kope visubiri mpaka mkwaruzo uishe kabisa.

Maumivu ya kichwa na ya kipaji upande wa jicho lililopigwa ni ya kawaida jioni ile. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kutumia parasetamoli gramu 1, na kurudia baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku. Wenye kisukari wasikimbilie ibuprofeni na jamii yake: wengi wao figo zimeanza kuchoka bila wao kujua, na dawa hizo huzidi kuzichosha. Dawa za kulainisha damu usiache kwa uamuzi wako. Hatari ya kiharusi au moyo ni kubwa kuliko ile ya jicho.

Maji je? Leza haikati jicho. Hakuna kidonda cha nje, hakuna uzi, hakuna tundu la kuingiza vijidudu. Oga, nawa uso, osha nywele. Katazo la maji limeazimwa kutoka operesheni ya mtoto wa jicho na halina kazi hapa, isipokuwa konea ikiwa imechubuka, na hapo ni kwa siku moja au mbili tu. Bandeji nayo haihitajiki. Runinga, simu na kitabu havichomoi leza ya pembezoni wala ya makula. Kinachokuzuia kusoma ni mboni tu.

Wiki mbili za mchaniko

Huyu ndiye mgonjwa ambaye neno "usinyanyue vitu vizito" lilikuwa lake. Kwa muda ambao kovu linakomaa, wiki moja hadi mbili au zaidi kadiri daktari atakavyosema, aepuke kukimbia, kuruka, ndondi, mpira, kupiga mbizi, kunyanyua vyuma na kazi yoyote inayotikisa kichwa kwa nguvu. Kutembea, kupanda ngazi taratibu na kazi za mezani zinaruhusiwa. Madaktari hawakubaliani kwa siku kamili, na ushahidi wa makatazo haya si mwingi, lakini gharama ya kutulia wiki mbili ni ndogo kuliko gharama ya retina iliyobanduka.

Vidoa vinavyoelea na mimweko ya mwanga iliyokuleta hospitali haitaondoka kwa leza. Leza imeushika mchaniko tu. Ute wa ndani ya jicho ulioleta vitu hivyo bado upo na bado unavuta. Mimweko inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Cha kuchunga ni mabadiliko: vidoa vipya vingi kwa mara moja, mimweko inayoongezeka, au kivuli kinachoingia kutoka upande mmoja wa jicho kama pazia na kubaki pale. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo, usiku au mchana, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Jipime kila asubuhi: funika jicho moja, tazama ukuta mweupe, pitisha akili kwenye pembe zote nne bila kuhamisha jicho. Kisha badilisha.

Kwenye ndege unaweza kupanda, mradi umepigwa leza peke yake. Waliowekewa gesi ndani ya jicho pamoja na leza ni habari nyingine kabisa: hawapandi ndege wala milima mirefu mpaka gesi iishe, kwa sababu gesi hutanuka kadiri unavyopanda na presha ya jicho huweza kuua neva. Hao pia lazima wamwambie mtoa dawa za usingizi kabla ya operesheni yoyote, kwani gesi ya usingizi aina ya nitrasi oksaidi hutanua ile iliyo jichoni. Kama hukuelezwa umewekewa gesi au la, uliza leo.

Leza ya pembezoni, ambayo kupona kwake ndiko kurefu

Wengi huambiwa "ukungu utaisha kesho", na hapa ndipo huduma inapopoteza imani ya watu. Leza ya pembezoni huweza kuongeza uvimbe wa makula kwa muda, na kuona kwa katikati kukashuka kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana daktari makini hupima makula kwa picha kabla, hutibu uvimbe kwanza kwa sindano ikiwezekana, na hugawa mapigo katika awamu badala ya kuyamaliza yote kwa siku moja. Awamu za ziada zinachosha na zinagharimu nauli, lakini hazipo ili kukuchelewesha.

Hasara nyingine ni za kudumu na zisemwe wazi. Kuona gizani hupungua, kwa sababu seli za kuonea usiku zimejaa hukohuko pembezoni. Jicho huchelewa kuzoea unapoingia kutoka juani kwenda chumba chenye giza. Simama mlangoni nusu dakika kabla ya kuendelea, weka taa kwenye njia ya chooni, na paka rangi angavu au bandika utepe mweupe kwenye ukingo wa ngazi. Kuona pembeni hupungua pia, kwa wengine kidogo na kwa wengine hadi kugusa masharti ya leseni ya udereva. Dereva wa kazi aliyepigwa macho yote mawili apimwe upana wa kuona kabla hajarudi barabarani, na usiku asiendeshe hadi apimwe. Rangi hufifia kidogo. Kijana huweza kupata shida ya kusoma karibu, kwa kuwa neva zinazokaza lenzi ya jicho zimeguswa. Mara nyingi shida hiyo hupungua baada ya wiki au miezi.

Halafu kuna damu. Mishipa mipya inaponyauka huweza kuvuta na kuvuja, hata leza ikiwa imepigwa vizuri kabisa. Mgonjwa anaona nyuzi nyeusi, moshi, au jicho linafunga lote. Hiyo haina maana kwamba leza imeshindwa, lakini inahitaji kuonwa upesi ili kuhakikisha retina haijabanduka nyuma ya damu. Akisubiri, alale ameinua kichwa kwa mito miwili au mitatu ili damu itulie chini na kuacha katikati wazi. Anayejua ana mishipa mipya aepuke kuinama kichwa chini kwa muda mrefu, kujikamua chooni na kubeba mizigo mizito mpaka daktari aone imenyauka. Kikohozi kikali na kufunga choo vitibiwe. Mambo madogo haya huchangia kuliko watu wanavyodhani.

Mara chache, baada ya mapigo mengi kwa siku moja, jicho huvimba ndani na presha yake hupanda. Dalili ni maumivu mazito yasiyosikia parasetamoli, wekundu, kichefuchefu au kutapika, na duara za rangi kuzunguka taa. Usiilaze hiyo hadi asubuhi. Wenye glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho, waendelee na matone yao kama kawaida, hata siku ya leza, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

Sindano za ndani ya jicho zimekuwa mshindani wa leza hii. Utafiti wa Marekani wa 2015 ulionyesha kwamba kwa mishipa mipya ya kisukari, sindano hazikuwa nyuma ya leza baada ya miaka miwili, na ziliacha upana wa kuona ukiwa bora. Maoni yetu: kwa mtu anayeweza kurudi kliniki kila anapoitwa, sindano ni chaguo la kweli. Kwa mtu ambaye safari, kazi au gharama humkosesha miadi, leza ni salama zaidi, maana kazi yake hubaki hata asiporudi, ilhali sindano ikiisha nguvu mishipa huamka upya. Swali la kama utaweza kurudi lina uzito sawa na picha ya retina, na daktari asiyekuuliza hilo hajamaliza kukupima.

Leza ya makula

Ni nyepesi kuipokea, nzito kuisubiri. Ukungu wa siku chache, pengine vidoa vidogo karibu na katikati vinavyolingana na mahali mapigo yalipotua. Ubongo huvizoea na vingi hufifia. Uvimbe wenyewe hukauka polepole, kwa hiyo matokeo hupimwa baada ya miezi 3 au 4. Mgonjwa anayerudi wiki ya pili akilalamika hakuna mabadiliko hajadhulumiwa, hakuambiwa ratiba.

Kifaa bora cha nyumbani hapa ni karatasi ya miraba yenye kitone katikati. Ishike umbali wa kusomea, vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja, kazia macho kitone cha katikati. Mistari iliyopinda au mraba uliopotea, chora ulivyoona kwenye karatasi yenyewe na uandike tarehe. Wiki ijayo linganisha. Mchoro huo unamsaidia daktari kuliko maelezo ya "naona vibaya".

Sukari na presha ya damu zina kazi kubwa hapa na kwenye leza ya pembezoni. Leza haiwezi kushindana na sukari iliyoachwa juu kwa miezi.

Marudio na miwani

Mwenye mchaniko huonwa baada ya wiki moja au mbili, kisha tena baada ya mwezi hivi, kwani mchaniko mpya unaweza kutokea mahali pengine pa jicho lilelile. Wa pembezoni huitwa kulingana na awamu, na baada ya awamu ya mwisho huangaliwa kama mishipa imenyauka. Ikiwa bado, mapigo huongezwa. Kuongezewa si dalili ya kazi mbovu. Kila marudio mboni itapanuliwa tena, kwa hiyo panga usafiri na miwani ya jua vilevile.

Miwani mipya usikate haraka. Makula iliyovimba hubadilisha kipimo kila wiki, na duka likikupima katikati ya uvimbe utalipia lenzi ambazo hazitakufaa jicho likitulia. Subiri mpaka daktari wa retina aseme makula imekauka, na umwombe aandike hivyo kwenye kadi kabla hujaenda kwa mpima miwani.